Albamu ya Baba Mwema

Nchi hii haipo. Ukiitafuta kwenye ramani utapoteza muda wako, na ukiipata utapoteza zaidi ya muda. Nakuhadithia tu kwa kuwa wewe umekaa hapo huna kazi na mimi sijui kunyamaza. Ukiona mwandiko wangu unayumba kama wa mlevi, nivumilie. Sababu yake utaijua mbele ya safari.

Nchi yenyewe ilikuwa na amani tele, imezagaa kila mahali, ukitembea bila kuangalia unaikanyaga. Kule hakuna mtu aliyepigwa. Kulikuwa na Nyumba ya Ushauri, jengo refu lenye madirisha madogo, na mtu akikosea alipelekwa humo akashauriwa. Aliyemshauri aliitwa mshauri. Kile kipande cha mpira mgumu alichoshika, chenye kamba ya kufungia kwenye kifundo cha mkono, kiliitwa hoja. Basi ukisikia fulani ameshauriwa kwa hoja nzito mpaka akazimia, usishtuke, ndivyo walivyozungumza. Juu ya mlango paliandikwa kwa rangi ya dhahabu: ASIYESIKIA LA MKUU HUVUNJIKA GUU. Chini yake mtumishi mmoja wa serikali, mpenda ukamilifu, aliongeza: NA VINGINEVYO.

Mkuu mwenyewe aliitwa Baba Mwema. Alipenda kusema kuliko alivyopenda kula, na kula alikula. Alitunga Sheria ya Makofi, yenye kifungu kimoja tu kwa kuwa hakutaka kuwachosha wananchi: Baba akishasema, makofi yakisikika, kila mwenye mikono atapiga, wala hataacha mpaka makofi yenyewe yaishe. Walipomuuliza faida yake, alijibu kwa upole, "Taifa linalopiga makofi haliwezi kuokota jiwe." Jibu hilo lilipigiwa makofi mpaka adhuhuri.

Lakini makofi ya watu peke yao huchoka. Ndiyo maana Redio ya Taifa ilikuwa na fundi wa makofi, mwanamke mwembamba, mkimya, jina lake Raya. Kazi yake ilikuwa kuongeza makofi kwenye hotuba za Baba kabla hazijarushwa kwenye spika za nguzoni. Alikuwa nayo ya kila aina: ya wanawake waliovaa bangili, ya wanajeshi yanayoanguka pamoja kama gunia la mawe, ya watoto wa shule waliokaa juani tangu asubuhi. Alijua kuyapandisha. Na, jambo gumu zaidi, alijua kuyafifisha pole pole, ili nchi nzima ishushe mikono pamoja, pasiwe na mtu aliyetangulia. Kutangulia ndilo lilikuwa kosa.

Ndilo lililomponza Shaibu, mdogo wake, nduguye wa pekee. Shaibu alikuwa fundi baiskeli, na siku ya gwaride alikaa jukwaa la juu kabisa uwanjani. Makofi yakiwa yamekolea, mtoto wa mtu aliteleza kwenye ukingo. Shaibu akaacha kupiga makofi, akamdaka. Mahakama ilimtendea haki kabisa. Ilikubali kwamba mtoto alikuwepo, kwamba alikuwa anaanguka, na kwamba chini palikuwa na saruji. Ila jaji alivua miwani, akasema kwa masikitiko kwamba ameisoma sheria yote, kifungu chote kimoja, na hakuona mahali panapotaja watoto.

Shaibu akaenda kushauriwa. Raya alipomfuatilia Nyumba ya Ushauri, aliambiwa mtu wa jina hilo hajapata kuzaliwa. Akarudi tena na tena. Mara ya mwisho mpokezi alimpa pole kwa kukosa ndugu, akampa na maji ya kunywa.

*

Siku moja Baba Mwema alikwenda ng'ambo kutibiwa jino. Katika hoteli aliyofikia, chumba cha jirani kilikuwa kinapiga muziki. Magitaa yalilia kama yanachinjwa, mashine ziliunguruma na kutetemeka, na juu ya yote hayo palikuwa na mtu anaongea. Haimbi, anaongea tu. Baba akamtuma mlinzi aulize ni ugonjwa gani.

"Si ugonjwa, Baba," mlinzi akaleta jibu. "Ni roki ya majaribio. Sanaa ya juu kabisa. Mtu anasema lolote linalomjia, mashine zinapiga kelele, na asiyeelewa anaonekana mjinga."

"Kumbe!" akasema Baba, shavu limevimba. "Mimi kazi hii nimeifanya miaka yote bila hata gitaa!"

Aliporudi alitangaza kwamba atatoa albamu, na kwamba itaitwa *Nimesema*. Kazi akapewa Waziri wa Utamaduni na Nidhamu, Mheshimiwa Dakta Mfaume, aliyepewa udaktari wake siku moja na gari lake. Waziri akaagiza wapiga gitaa wa bendi ya polisi, akawaambia wapige kama wanachinja. Walielewa upesi. Kisha akamwita Raya, akamkabidhi hotuba za Baba, kompyuta, na onyo.

Raya alifanya kazi vizuri, maana hakujua kufanya vibaya. Aliikata sauti ya Baba vipande vipande, akaipitisha kwenye mashine, ikawa nzito, ikawa inatoka chini ya sakafu: *Nimesema. Nimesema.* Chini yake akaweka ngoma za kompyuta. Waziri alisikiliza amefumba macho, kisha akayafumbua.

"Ngoma hizi zimetoka wapi?"

"Kwenye kompyuta, Mheshimiwa."

"Kompyuta imetoka wapi?"

Raya akaigeuza kompyuta, akatafuta maandishi ya nyuma.

"Ng'ambo!" Waziri akajibu mwenyewe. "Mdundo wa kigeni chini ya maneno ya Baba! Nataka mdundo wa hapa hapa."

"Ngoma zetu zilichomwa, Mheshimiwa."

"Najua zilichomwa. Zilikuwa zinapelekeana habari. Mafuta niliyamwaga mimi." Akatembea mpaka dirishani, akarudi, uso umemnawiri. "Lakini nchi haiwezi kukosa mdundo, mama. Mimi kila asubuhi napita nyuma ya Nyumba ya Ushauri kwenda kazini. Puh. Puh. Puh. Hujausikia? Ule ni wa asili. Hatukuuagiza kokote!"

*

Aliyeleta sauti hizo studio alikuwa Sajini Lubawa, mshauri mwandamizi, mtu mnene, mcheshi, hoja yake inaning'inia mkononi kama pochi ya bibi harusi. Alikuwa amefurahi mno.

"Dada, kumbe mimi ni msanii miaka yote na sijui! Nimemwambia mke wangu, akacheka mpaka akakaa chini. Haya, sikiliza. Huu ni mgongo mwembamba, unalia juu. Hili hapa ni tumbo, hiyo ndiyo besi yako. Maikrofoni niliisogeza karibu kabisa. Iliruka damu kidogo, nimeifuta, usiwe na wasiwasi."

Raya akavaa vipokea sauti masikioni. Alisikia mayowe, mbavu, meno yakianguka sakafuni. Alitazama meza yake ili asimtazame Sajini. Kisha ikaja nyingine.

*Puh.*

"Haya," ikasema sauti.

*Puh.*

"Haya."

Raya akairudisha rekodi nyuma, akaisikiliza tena. Walipokuwa wadogo, baba yao alikuwa na mkia wa taa, yule samaki, wa kuwachapia. Raya alilia kabla haujamfikia. Shaibu hakulia hata siku moja. Kila ulipomwangukia alisema "haya", neno moja, kama mtu anayepokea mzigo na kuuliza kama kuna mwingine, mpaka mzee anashindwa, anacheka, anautupa mkia wake.

"Huyu ni nani?" Raya akauliza.

"Umemsikia, eh? Huyu ni dhahabu!" Sajini akavuta kiti. "Wenzake wanapiga kelele, wanaharibu mdundo. Huyu anatoa neno moja, na kwa wakati wake. Tulianza na mikono, maana ndiyo iliyokosea. Vidole vyote, kimoja kimoja, kwa nyundo. Kila kimoja na haya yake. Mpaka nikaanza kumpenda."

Ni aibu kulisema, lakini kitu cha kwanza Raya alichokisikia moyoni kilikuwa furaha. Ndugu yake alikuwa amezaliwa upya. Alikuwa hai. Kisha akahesabu vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka kumi.

Waziri aliposikilizishwa alitoa kitambaa akajifuta macho. *Nimesema*, ilinguruma sauti ya Baba. *Puh.* Haya. *Nimesema. Puh.* Haya.

"Unasikia anavyoafiki?" akasema Waziri, sauti inamtetemeka. "Hiyo ndiyo sauti ya mwananchi wa kawaida. Hiyo iwe kibwagizo!"

*

Raya alimuuliza Sajini, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, albamu ikiisha itakuwaje na wale wenye sauti.

"Ah, chombo kikishatumika hutupwa, dada. Waziri hataki sauti ya albamu ya Baba isikike kwenye bendi nyingine. Siku ya uzinduzi tunawapanga uani, chini ya spika, wasikilize kazi yao kama binadamu. Makofi yakiisha tu, tunawafyatulia wote. Hata mimi imeniuma, maana yule wa haya nimemzoea."

Tangu hapo albamu ikawa haiishi. Leo Raya alisema rekodi ina mvumo. Kesho alisema upepo umeingia. Keshokutwa alisema mdundo uko mbali, hausikiki vizuri. Waziri alikubali kila mara, kwa kuwa alitaka kitu kisicho na doa, na kila mara Sajini Lubawa alirudi Nyumba ya Ushauri akaleta rekodi mpya, safi zaidi.

Siku ya pili tu Raya akaelewa alichokuwa anakifanya. Akimaliza, wanamuua Shaibu. Asipomaliza, wanampiga upya, kwa agizo lake yeye, kwa ajili ya sikio lake yeye. Alikuwa anamnunulia ndugu yake uhai kwa mgongo wa ndugu yake. Alivaa vile vipokea sauti akasikia haya inapungua nguvu. Ikawa inachelewa nyuma ya hoja. Ikawa na majimaji. Mara moja hoja ilianguka na haya haikuja. Ilianguka nyingine, haikuja. Raya aliuma ngozi ya mkono wake mpaka ikatoka damu, akingoja. Ilikuja baadaye sana, ndogo, kama ya mtoto anayeongea usingizini.

Akavua vipokea sauti, akamwambia Sajini, "Imetosha. Mwambie Waziri albamu imekamilika."

*

Waziri alikuja kuisikiliza yote kutoka mwanzo, Sajini amesimama mlangoni anatafuna karanga. Magitaa yalichinja, mashine zikanguruma, Baba akasema, mwananchi akaafiki. Mwishoni makofi yakapanda, yakajaa chumba, kisha yakafifia kwa ustadi, kama Raya alivyozoea.

Waziri akakunja uso. "Mbona yanaisha?"

"Makofi huisha, Mheshimiwa."

"Makofi ya nani? Ya Baba?" Waziri akasimama. "Wewe mwanamke, unasema mbele yangu kwamba makofi ya Baba yana mwisho?"

"Hapana, Mheshimiwa. Sijasema."

"Basi yasiwe nao!"

"Kabisa, Mheshimiwa?"

"Unaniuliza mimi? Kabisa! Yaende na kurudi, yaende na kurudi, mpaka siku ya kiyama!"

Raya akaitazama mikono yake iliyolala mezani. Akakumbuka neno la Baba Mwema: taifa linalopiga makofi haliwezi kuokota jiwe. Lilikuwa neno la kweli. Mkono unaopiga makofi hauwezi kuokota jiwe, wala kitu kingine chochote.

"Kama ulivyoagiza, Mheshimiwa," akasema.

Walipoondoka akachukua mkia wa makofi akauunga na kichwa cha makofi hayo hayo, yakawa duara, kwa kiungo ambacho hata yeye mwenyewe hakuweza kukisikia. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizofanya maishani.

*

Uzinduzi ulifanyika uwanjani, alasiri, jua linawaka. Spika ziliwekwa kila nguzo ya nchi, mpaka ua wa Nyumba ya Ushauri. Umeme, ambao kule ulikatika kila siku kama adhana, siku hiyo haukuthubutu, maana Waziri wa Nishati alikuwa ameuwekea rehani shingo yake. Raya alisimama kando ya jukwaa kuu, mashine mbele yake. Akabonyeza.

Albamu ikapigwa. Nami sitakudanganya, ilikuwa nzuri. Watu walisikia hoja zikianguka na neno lile dogo likizifuata, na wengi walijishika viungo fulani bila kujua. Kisha makofi yakaanza, na taifa zima likayaitikia.

Walipiga. Jua likasogea, wakapiga. Viganja vikavimba, vikapasuka, sauti ya makofi ikabadilika ikawa ya kitu kilicholowa, na damu ikarukia nguo za jirani. Mama mmoja alimning'iniza mwanawe kwa kanga aliyoiuma kwa meno. Mzee mmoja alikufa amesimama. Walio pembeni hawakuweza kumshika, akaanguka kifudifudi, na waliosema kwamba mikono yake iliendelea kidogo walisema kweli. Mimi kalamu niliihamishia mdomoni, na ndiyo maana mwandiko wangu uko ulivyo.

Kisha nzi akatua puani kwa Waziri Mfaume. Waziri alivumilia, akatikisa kichwa, akapuliza. Mwishowe akampunga kwa mkono mmoja. Jenerali, aliyekaa nyuma yake, alikuwa mtu wa sheria. Akatoa bastola, akamfyatulia kisogoni, na ubongo wa utamaduni na nidhamu ukamwagikia zulia. Lakini wote waliona kwamba ili kutoa bastola Jenerali aliacha kupiga makofi. Kanali akampiga risasi Jenerali. Meja akampiga Kanali. Kapteni akampiga Meja, na kazi ikateremka hivyo, cheo kwa cheo, hadi ikamfikia koplo mmoja mwembamba, bunduki inafuka mkononi. Koplo akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuona wa chini yake. Alikuwa mtiifu. Akajielekezea mwenyewe.

Baba Mwema alidhani ni mizinga ya heshima. Akasimama, akapunga. Katika uwanja mzima ni yeye peke yake asiyepiga makofi, kwa kuwa yalikuwa yake, na yeye peke yake angeweza kuyakomesha. Lakini alikuwa hajapata kupendwa namna ile. Machozi yalimtiririka.

"Zima!" mlinzi mmoja akamkoromea Raya, viganja vyake vimekuwa nyama. "Zima mashine, mama!"

"Nizime makofi ya Baba, afande?" Raya akamuuliza, naye anapiga.

Mlinzi akaongeza makofi. Raya akaupa uwanja mgongo, akashuka ngazi, akashika njia ya Nyumba ya Ushauri, anapiga makofi kila hatua. Sheria haikukataza kutembea.

*

Uani kule walikuwa wamepangwa ukutani, chini ya spika, na washauri wamesimama mbele yao, bunduki begani, wakingoja makofi yaishe. Hayakuisha. Wafungwa hawakupiga. Sheria ilisema kila mwenye mikono, na daktari wa Nyumba alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba wao, baada ya nyundo, hawana.

Wa kwanza kutembea alikuwa bibi mmoja, aliyeletwa kwa kosa la kupiga makofi kivivu. Alisogea hatua moja. Hakuzuiwa. Akasogea nyingine. Wengine wakamfuata mpaka getini, kwenye komeo la chuma zito la kuinuliwa na watu kadhaa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wao hata hicho kimoja hawakuwa nacho. Wakaliingizia mabega, viwiko, mapaji ya nyuso. Washauri wakawafuata nyuma, hawana la kuwafanya, wakiwapigia makofi.

Geti lilipofunguka Raya alikuwa amefika. Akamwona Shaibu. Jicho moja lilikuwa limezibwa na uvimbe, na mikono inaning'inia kama vitu alivyopewa ambebee mtu. Nyuma yake alikuwa Sajini Lubawa, anapiga makofi huku analia, na hoja yake, iliyofungwa kwenye kifundo, ikimtandika mwenyewe mbavuni kila kofi moja.

"Dada fundi!" akalia. "Zima kile kitu, nakuomba! Nina watoto! Mikono imekwisha!"

Raya akaacha kupiga makofi.

Sajini alimtolea macho. Ilikuwa amri ya kumkamata, lakini ilibaki machoni, maana haikuwa na mikono ya kuitekeleza. Raya akaishika mikono ya mdogo wake. Ilikuwa laini mahali pasipofaa, kama mfuko wa kokoto.

"Shaibu. Ni mimi."

"Najua, dada."

"Hapana, hujui. Ile albamu nimeitengeneza mimi. Kila walipokurudia, mimi ndiye niliyewaambia haijatoka vizuri. Niliogopa ikiisha watakuua, ndiyo nikawa nawarudisha. Nilikuwa nasikia, Shaibu. Yote nilikuwa nasikia. Ni mimi."

Alikuwa analia tayari, kama zamani, kabla mkia wa taa haujamfikia. Shaibu alimtazama kwa lile jicho lililobaki. Juu ya nguzo makofi yalikwenda yakarudi, yakaenda yakarudi.

"Haya," akasema.

Lilikuwa neno lile lile, kwa sauti ile ile, na lilikuja kwa wakati wake.